Nani Njo Mwenye Kujibu? Mila Yetu mbele ya Filme ya Watu wa Kutengenezwa

Kila mara katika mazungumzo ya chama tunapoleta habari ya filme za wakati ujao, zile za dunia iliyoharibika na za mashini yenye sura ya mtu, tunapata majibu ya namna mbili tu. Wamoja, wengi wao wakubwa wetu, wanasema: «Ile ni mambo ya bazungu, sisi haituangaliye. Chama ni cha mila, hapana cha sinema.» Wengine, vijana waliopita masomo makubwa, wanacheka na kusema: «Mila ilishaisha. Bankambo hawakujua hata radio, watatuambia nini juu ya mashini yenye akili?» Wa kwanza wanafunga mlango wa inje, wa pili wanafunga mlango wa nyumba, na mwisho wote wanabaki katika giza moja.

Sisi tunakataa majibu yote mawili. Tunaandika kurasa hizi kusudi tuonyeshe kama filme zile zinatuangalia sisi watu wa Katanga, pengine kuliko wale wanaozitengeneza. Na tena kama mila yetu iko na ulizo moja la nguvu ambalo filme zenyewe hazikuuliza. Ndugu wasomaji mtuvumilie: tutaanza na filme, kiisha tutafika nyumbani.

1. Filme yenyewe

Tumechagua filme moja inayojulikana sana, kusudi tusizungumuze katika hewa. Chanzo chake ni kitabu cha mwandishi wa Marekani, Philip K. Dick, kilichotoka mwaka 1968. Katika kitabu kile vita ya dunia imekwisha kuharibu inchi, vumbi ya sumu inaanguka, nyama wa pori na wa nyumbani karibu wote wamekufa, na wanadamu wengi wamehamia sayari zingine. Kule wanatumikiwa na androidi, maana yake watu wa kutengenezwa, wenye mwili na sura sawa na yetu. Mwaka 1982 Mwingereza Ridley Scott akatoa katika kitabu kile filme yenye jina Blade Runner. Mwaka 2017 Denis Villeneuve, mzaliwa wa Québec, akatoa ya kuifuata, Blade Runner 2049.

Katika filme ya kwanza watu wa kutengenezwa wanaitwa replikanti. Wana nguvu, wana akili, lakini wamepewa miaka minne tu ya kuishi, kusudi wasizoee maisha na kudai haki. Wamoja wanatoroka na kurudi duniani, mjini Los Angeles. Polisi mmoja, Deckard, anatumwa kuwaua. Lakini kuua mtu wa kutengenezwa hakuitwi kuua. Kunaitwa kupumzisha mfanyakazi. Ili kumtambua, wanamweka mbele ya chombo kinachopima jicho lake, na kumuuliza maulizo juu ya nyama wanaoteseka. Akikosa huruma, basi si mtu. Mkubwa wa watoro wale, Roy, anaenda mpaka kwa tajiri Tyrell aliyemwumba, anamwomba amwongezee siku za kuishi. Tyrell anampa sifa na maneno matamu, lakini siku hamwongezei. Roy anamuua. Na mwisho, siku zake mwenyewe zikiisha, Roy anamwokoa Deckard aliyekuja kumuua, anakufa akinyeshewa mvua.

Katika filme ya pili, miaka 30 imepita. Polisi mwenye kuwinda replikanti ni replikanti yeye mwenyewe. Hana jina; ana namba, KD6-3.7, na watu wanamwita K. Kila akitoka kazini anapimwa tena kama moyo wake bado umetulia. Siku moja anagundua chini ya mti mkavu mifupa ya mwanamke replikanti aliyekufa akizaa. Yule aliyesemwa kuwa kitu amezaa mtoto! Tangu hapo kila mtu anamtafuta yule mtoto: polisi wanataka auawe, tajiri mpya Wallace anataka siri ya uzazi kusudi apate wafanyakazi wengi zaidi, na K anaanza kuamini kama mtoto yule ni yeye. Mwisho anajua kama si yeye. Anaamua hata hivyo kumpeleka baba kwa binti yake, na anabaki inje, amelala juu ya ngazi, theluji inamwangukia.

Ndiyo hadithi. Je, haituangaliye?

2. Sisi tuko ndani tangu mwanzo

Tuanze na ile dunia iliyoharibika. Katika filme ya pili K anafika Las Vegas, mji uliokufa kwa mionzi, hewa yake nyekundu, hakuna mtu. Wazungu wanaogopa mwisho wa namna ile tangu tarehe 6 Agosti 1945, bomu ya atomu ilipoanguka juu ya Hiroshima. Sasa, uranium ya kazi ile sehemu kubwa ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Union Minière ilichimba kule tangu miaka ya 1920, na mwaka 1940 mkubwa wake Edgar Sengier alituma zaidi ya tani 1 000 za mawe yale New York, yakawekwa katika gala kabla Wamarekani hawajajua watayafanyia nini. Mababu waliobeba mawe yale hawakuambiwa wanabeba kitu gani. Filme za mwisho wa dunia zinaota ndoto huko California, lakini jiwe lenye kuzaa ndoto ile lilitoka katika udongo wetu. Na bado mtu anasema haituangaliye.

Tuendelee. Katika filme ya pili tena, K anashuka San Diego, ambayo imekuwa jalala kubwa. Kuna nyumba ya yatima. Mamia ya watoto wenye vichwa vya kunyolewa wanakaa chini, wanavunja vyombo vya zamani vya umeme kwa vidole vyao, kusudi watoe madini kidogo yaliyo ndani. Mwenye nyumba ile anaeleza kama nikeli yao inaendea vyombo vya kupeleka watu kwenye dunia mpya, dunia ambayo watoto wenyewe hawataiona. Watazamaji wa Ulaya walisema: mawazo ya kuogopesha! Mtu wa Kolwezi ataona pale wakati ujao gani? Ataona siku ya leo asubuhi. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kama watoto karibu 40 000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini ya inchi yetu, wengi wao katika kobalti. Mwezi wa Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti iliyoonyesha njia ya kobalti ile, kutoka shimo mpaka batri za telefone na za motokari. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka kwetu. Ile akili ya mashini ambayo vijana wetu wanaisifu inakula batri, na batri inakula kobalti.

Tena tajiri Wallace wa filme anasema wazi kama kila maendeleo makubwa ya wanadamu yalisimama juu ya mgongo wa wafanyakazi wa kutupwa. Maneno yale hapana mageni mjini Lubumbashi. Tangu 1910 kulikuwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi wa machimbo, na wengi waliletwa kwa nguvu. Kule kazini mtu alikuwa na namba, matrikili. Baba zetu waliijua namba ile kwa kichwa mpaka uzee. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara, wakapigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. K wa filme ana namba na hana jina. Ninyi wenye kusema ni hadithi ya bazungu, mlisahau nani njo walikuwa wakiitwa kwa namba katika mji huu?

3. Ulizo la filme na ulizo la bankambo

Sasa tuwageukie wale wa pili, wenye kusema bankambo hawana neno.

Filme zote mbili zinauliza jambo moja: Je, mtu wa kutengenezwa ana roho? Yeye ni mtu wa kweli ao ni kitu? Ni ulizo zuri kwa kuzungumuza usiku. Lakini ni ulizo linalopendeza sana wenye mali, kwa sababu mkiendelea kubishana juu ya roho ya kitu, hakuna atakayeuliza juu ya mikono iliyokitengeneza. Tyrell anaweza kukaa juu ya nyumba yake ndefu na kuzungumuza habari ya roho mpaka asubuhi.

Bankambo nao walijua kutengeneza kitu chenye sura ya mtu na kukitia nguvu. Tuangalie Basongye wa pande za Lomami. Kijiji kilipopatwa na magonjwa ao akina mama walipokosa uzazi, kijiji kizima kilikubaliana kufanyisha nkishi mkubwa. Fundi alichonga mti. Nganga akatia bishimba katika tumbo na katika pembe ya kichwa. Tangu pale nkishi haikuwa tena mti tu. Ilikuwa na jina lake, na watu walikumbuka miaka kwa kutaja jina lile. Haikushikwa kwa mikono: ilibebwa kwa fimbo zilizofungwa mikononi mwake, kwa sababu nguvu yake iliogopwa. Ilikuwa na mlinzi wake aliyechaguliwa, na mwezi ulipoandama iliangaliwa na kupewa sadaka yake.

Hatusemi watu warudie kuabudu mankishi. Wasomaji wetu wengi ni wakristo, na chama si kanisa. Tunasema: angalieni sheria iliyo ndani. Kitu chenye nguvu hakitengenezwi na mtu mmoja katika siri yake, kinatengenezwa kwa shauri la kijiji. Fundi anajulikana, nganga anajulikana, mlinzi anajulikana. Kikileta mabaya, kuna mlango wa kupiga hodi. Bankambo hawakupoteza usiku wakiuliza kama mti ule una roho. Waliuliza: nani njo mwenye kujibu?

Tumchukue sasa yule Roy wa filme ya kwanza. Alifanya kama mtoto wa mila: alienda kumtafuta aliyemwumba, kusudi ajibu. Hakumpata mwenye kujibu. Alipata mfanya biashara. Maovu yote ya filme ile yanatoka pale. Tyrell alitia nguvu ndani ya mwili, kiisha akauza, na juu ya kile alichouza hakujibu. Mzee yeyote wa Kabinda angesikia kesi hii angeikata kwa nusu saa.

Kuna tena jambo la kumbukumbu. Replikanti wanatiwa kichwani kumbukumbu za utoto ambao hawakuuishi, kusudi watulie. Katika filme ya pili mwanamke mmoja, Ana, anatengeneza kumbukumbu hizo peke yake katika chumba cha kioo. K anabeba kumbukumbu ya farasi wa mti aliyemficha utotoni; anadhani ni yake, kumbe ni ya Ana mwenyewe. Na kwa sababu usiku mmoja wa giza, mwaka 2022 wa filme, ulifuta karibu yote yaliyoandikwa katika mashini, hakuna pahali rahisi pa kuhakikisha.

Baluba walikuwa na lukasa: ubao wa mti unaoenea mkononi, wenye ushanga na alama. Mtu wa chama cha Mbudye aliugusa kwa kidole, ushanga kwa ushanga, akieleza habari za wafalme, za njia walizopita, za pahali patakatifu. Hakufanya vile peke yake katika kioo. Alifanya mbele ya watu, na waliokuwa pale walikuwa na masikio: angekosa, angeulizwa. Hapo njo tofauti. Kwetu kumbukumbu haikuwa mali ya kichwa kimoja, kwa hiyo haikuwa rahisi kuitia ya uongo ndani ya mtu. K aliteseka kwa sababu alikuwa na kumbukumbu, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia: «Ndiyo mwanangu, siku ile tulikuwa pamoja.» Kijana wa leo anayeweka habari zote za jamaa yake ndani ya telefone, na ambaye hakuwahi kukaa karibu na nkambo wake, anajenga kile chumba cha kioo kwa mikono yake mwenyewe.

4. Jina

K anaishi na Joi, mwanamke wa mwangaza tu, bila mwili, anayeuzwa na kampuni ya Wallace. Joi anamwambia kama yeye ni mtu wa pekee, apashwa kuwa na jina. Anampa jina Joe. Mtazamaji anafurahi naye. Lakini mbele ya mwisho, K anapita chini ya picha kubwa sana ya matangazo, ni Joi yuleyule mwenye kuuzwa kwa kila mtu, naye anamwita Joe vilevile. Jina alilodhani lilitoka katika upendo lilikuwa katika bidhaa.

Kwetu jina linatoka wapi? Mtoto anaitwa Ilunga, ao Kasongo, ao Mwamba, kwa sababu kulikuwa nkambo mwenye jina lile. Wakimwita, wanaita na yule wa zamani. Jina ni kama kamba: upande mmoja mtoto, upande mwingine jamaa nzima. Akiiba, jamaa inaitwa. Akifa, jamaa inalia. Kumpa mtu jina ni kukubali kujibu juu yake. Njo maana namba haitoshi, na njo maana jina la matangazo ni uongo: hakuna mtu upande wa pili wa kamba.

Tunajua kama wamoja watasema hayo ni ya zamani na hayaingii katika mambo ya mashini. Basi tuwaonyeshe Kinshasa. Mwaka 2013 roboti za aluminiamu, zenye urefu wa zaidi ya metre mbili, zilisimamishwa katika njia panda za mji ule kuongoza motokari, zikitumia nguvu ya jua. Ziliundwa na wakongomani, chini ya mama mmoja injenia, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na chama cha wanawake wa tekniki. Mwaka 2015 zilipoletwa zingine tatu, zilipewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Angalieni vizuri: hakuna profesa aliyeitwa kueleza kama Tamuke ana roho. Alipewa jina, mama aliyemwunda alionekana mbele ya watu wote, na roboti ikiharibika ilijulikana ni nani wa kuitwa. Hakuna aliyewafundisha kufanya vile. Ni mila ile ile, haikufa. Ilikuwa ndani ya mikono yao.

5. Chombo cha kupima watu, hapa kwetu

Mpaka hapa msomaji anaweza kufurahi na kusema: kumbe sisi ni wazuri, bazungu njo wabaya. Asifurahi mbio.

Ubaya mkubwa wa filme ile si mashini. Ni kile chombo cha kupima jicho. Mtu anakaa, anaulizwa maulizo ya mtego, na mwisho mwingine anaamua: huyu si mtu, anaweza kufukuzwa, anaweza kuuawa, haitaitwa kuua. Chombo kile kiko kwetu. Kiko katika vyumba vya maombi vya Lubumbashi, vya Mbuji-Mayi, vya Kinshasa. Mtoto anakojoa kitandani, ao mama yake amekufa na mke mpya wa baba hamtaki, ao baba amefukuzwa kazi. Wanamleta mbele ya mtu anayejiita nabii. Anamwangalia machoji, anamuuliza maulizo ambayo kila jibu ni kosa: ukisema hapana, ni ulozi unaokataa, ukisema ndiyo, umekubali. Kiisha anatangaza: «Huyu hapana mtoto, ni mulozi.» Tangu saa ile anaweza kufungwa bila chakula, kuchomwa, kutupwa njiani. Na pale njiani tunampa jina lisilo jina: shege.

Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu jambo lile. Sheria ziko. Lakini wafukuzaji wanatujibu: «Hii ni mila yetu, bankambo waliamini ulozi.»

Tunawajibu bila kuzunguka: mnadanganya. Ndiyo, bankambo waliogopa ulozi. Lakini mambo ya ulozi yalizungumuzwa katika jamaa, mbele ya wakubwa, na mtoto alikuwa na wajomba, alikuwa na nkambo mwenye jina lake, alikuwa na watu wa kumsemea. Kumchukua mtoto wa miaka saba, kumtoa katika jamaa yake yote na kumtia mbele ya mtu mmoja anayelipwa kwa kila mtoto, ile si mila. Ni biashara ya Tyrell iliyovaa kanzu.

Na mtoto wa shimo vilevile. Tunasikia watu waliosoma, wenye kuvaa vizuri, wakisema: «Wale watoto wa machimbo ni wakaidi, wamezoea, hawataki masomo.» Ni maneno ya polisi wa Los Angeles: wale hawasikii kama sisi, wale ni wa namna nyingine. Ukishasema vile, huna tena haja ya kujibu.

6. Kwa wenye kupinga

Tunajua watakavyotupinga. Watasema tunapamba wakati wa zamani. Hapana. Katika inchi hii kulikuwa utumwa kabla Mzungu hajafika. Bunkeya ya Msiri, aliyeuawa Desemba 1891, ilitajirika kwa shaba, kwa pembe za tembo na kwa watu waliouzwa. Mtumwa alikuwa nani katika mila? Alikuwa yule aliyekatwa kamba: hana jamaa hapa, hakuna wa kumjibia. Kwa hiyo hata uovu wa bankambo unashuhudia neno letu. Walijua vizuri kama mtu bila mwenye kujibu amekwisha kuwa bidhaa. Wengine walitumia ujuzi ule kwa ubaya. Sisi tunapashwa kuutumia kwa uzuri.

Wengine watasema tunaisifu mno filme ya watu wa mbali. Hatuisifu yote. Ile nyumba ya yatima ya San Diego inaonekana dakika chache tu. K anaingia, anatafuta alama ya utoto wake, anapata farasi wake wa mti, anatoka. Watoto wanabaki chini, na filme hairudi kuwauliza hata jina moja. Filme inayolia karibu saa tatu juu ya roho ya mtu wa kutengenezwa inapita mbele ya mamia ya watoto wa damu bila kusimama! Hapo njo tunapouona udhaifu wa ulizo lake. Anayeuliza «nani ana roho?» anaweza kupita. Anayeuliza «nani njo mwenye kujibu juu ya hawa?» hawezi kupita, anapashwa kusimama.

Na yule farasi wa mti asisahauliwe. K anampeleka kwa fundi mmoja wa sokoni, ambaye mchezaji wake ni Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu. Fundi anashangaa: mti wa kweli! Katika dunia ile kipande cha mti kinachojaa mkononi ni utajiri, kwa sababu miti imekwisha. Sisi tunaokata miombo kila siku kwa makala, tunasoma filme ile vibaya kama tunaona ndani yake mashini tu.

7. Tunachotaka

Hatutaki kumaliza kwa maneno matupu. Tunataka mambo matatu, na tunayataka kwanza kwa vyama vya mila kama chetu.

Kwanza, tuache kudhani kama mila ni ngoma, raffia na picha na wageni siku ya sikukuu. Chama kinachojua kucheza lakini hakijui kukata shauri juu ya mambo ya leo kimekuwa kama nkishi iliyotolewa bishimba na kuwekwa katika kioo cha Tervuren: sura imebaki, nguvu imekwenda. Wakubwa wakae na vijana, waangalie filme hizi pamoja. Ziko katika kila kle USB ya mtaa, watoto wanaziona hata hivyo. Afazali wazione na mtu wa kuwauliza maulizo.

Pili, kila chama kitangaze wazi, kwa jina la mila, kama kumfukuza mtoto kwa ulozi ni uvunjaji wa mila. Serikali inasema kwa sheria. Wachungaji wa kweli wanasema kwa Injili. Kwa nini wenye mila wanyamaze, wakati ni jina letu linalotumiwa? Mtoto akitangazwa mulozi katika mtaa, chama kiite wajomba, kiite wenye jina lake, kiulize mbele ya watu: nani njo mwenye kujibu juu ya mtoto huyu? Na kisiondoke pale mpaka mtu amesimama.

Tatu, tuliulize ulizo lile lile mbele ya kila mashini na kila shimo. Kampuni inayonunua kobalti, nani wake wa kujibu, na mlango wake uko wapi? Programu inayofundishwa kuandika na kusema kama mtu, inayoanza kuingia shuleni na katika telefone za watoto wetu, nani aliiunda, kwa shauri la kijiji gani, na ikikosa tutapiga hodi kwa nani? Tusikubali majibu ya roho na ya akili. Tukubali majibu yenye jina la mtu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala kijana peke yake na masomo yake, wala mzee peke yake na mila yake, hawatatosha mbele ya mambo yanayokuja. Dunia ile ya Los Angeles haikuharibiwa na replikanti. Iliharibiwa na watu waliotengeneza, wakauza, wakahama. Sisi hatuna sayari ya kuhamia. Tuko hapa, juu ya shaba na kobalti, pamoja na watoto hawa. Basi ni sisi njo wa kujibu.